Joe Meek: Studio ya nyumbani iliyobaki ndani ya masanduku ya chai

Joe Meek alirekodi nyimbo zilizoongoza chati za Uingereza na Marekani akiwa katika nyumba ya kupanga, juu ya duka la bidhaa za ngozi jijini London. Alipofariki mwaka 1967 aliacha madeni, pamoja na kanda zaidi ya 1,850. Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta kuanza.

Siku hizi kijana mwenye kompyuta, maikrofoni moja na godoro aliloliegemeza ukutani kuzuia mwangwi anaweza kurekodi wimbo chumbani kwake Mbagala, Kayole au Goma, na wiki hiyohiyo ukasikika redioni. Hakuna anayeshangaa. London ya mwaka 1960 ilikuwa vingine. Studio zilikuwa za makampuni makubwa kama EMI na Decca, muda wa kurekodi ulihesabiwa kwa saa, na katika studio za EMI mafundi walivaa makoti meupe kama watu wa maabara. Mtu aliyedai kwamba santuri nzuri inaweza kutengenezwa bafuni kwake alionekana ana mzaha au ana wazimu. Meek alidai hivyo na akafanya hivyo. Mara tatu santuri zilizorekodiwa nyumbani kwake zilishika nafasi ya kwanza Uingereza.

Fundi asiyejua nota

Jina lake kamili lilikuwa Robert George Meek. Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1929 huko Newent, mji mdogo katika Gloucestershire, magharibi mwa England. Wenzake wakicheza nje, yeye alikuwa kibandani nyuma ya nyumba akifungua redio na kuunganisha nyaya. Utumishi wa lazima wa kijeshi ulimpeleka kwenye jeshi la anga, akawa fundi wa rada. Mwaka 1953 aliajiriwa na bodi ya umeme ya Midlands, na huko, kwa kutumia vifaa vya kazini, akajitengenezea mashine ya kuchonga santuri.

Hakujua kupiga ala yoyote, wala kusoma nota. Hilo ni la kukumbuka katika habari yote inayofuata. Mwanamuziki wa kawaida akipoteza rekodi bado ana wimbo vidoleni mwake au kwenye karatasi. Meek akipoteza kanda, alikuwa amepoteza wimbo wenyewe.

Katikati ya miaka ya 1950 alihamia London na kuingia IBC, studio huru iliyorekodi vipindi vya burudani kwa ajili ya Radio Luxembourg. Ni kazi ambayo fundi mitambo yeyote wa redio wa zama zile angeitambua: kubeba mashine kutoka ukumbi hadi ukumbi, kurekodi mbele ya watazamaji, kukata kanda kwa wembe na kuiunga kwa utepe wa gundi, kisha kuipeleka ikarushwe hewani kutoka nchi nyingine.

Mwaka 1956 alikuwa kwenye mitambo wakati Humphrey Lyttelton na bendi yake ya jazi walipopiga Bad Penny Blues. Meek alisogeza maikrofoni karibu mno na ala, akaibana sauti ya piano hadi ikanguruma, na brashi za ngoma akazipa nguvu zisizostahili brashi. Kwa mafundi wa wakati ule hilo lilikuwa kosa la kitaaluma. Wanunuzi hawakuliona kosa hilo, na santuri ikaingia chati.

Baada ya IBC alifanya kazi katika studio ya Lansdowne, akakosana na wakubwa wake, akaondoka. Kukosana na watu kulikuwa tabia yake ya maisha yote. Mwaka 1960 alishiriki kuanzisha lebo ndogo ya Triumph na kutengeneza I Hear a New World, mkusanyiko wa muziki wa ajabu unaowazia maisha ya mwezini, miaka tisa kabla binadamu hajakanyaga huko. Nyimbo nne tu ndizo zilizotoka wakati ule, kwa nakala chache. Albamu nzima ilitolewa mwaka 1991, miaka 24 baada ya kifo chake.

Namba 304, Holloway Road

Mfanyabiashara mmoja, Meja Wilfred Alonzo Banks, alimpa mtaji na kampuni ya RGM Sound ikaundwa. Meek alipanga ghorofa tatu juu ya duka la familia ya Shenton, kwenye barabara kuu yenye malori na mabasi kaskazini mwa London. Bendi ilijibana katika chumba ambacho katika nyumba nyingine kingekuwa cha kulala. Waimbaji waliweza kujikuta bafuni, ambako vigae vilirudisha sauti vizuri kuliko ukuta wowote. Wapiga fidla walipangwa ngazini. Sakafu ya chumba cha mitambo ilifunikwa na nyaya na vipande vya kanda, na miongoni mwa mashine kulikuwa na kisanduku cha mwangwi alichokiunda mwenyewe kwa springi za chuma. Bibi Violet Shenton, mwenye nyumba, alipochoka na kelele aligonga dari kwa ufagio. Meek alijibu kwa kuongeza sauti.

Mwaka 1964, akirekodi Have I the Right? ya kundi la The Honeycombs, aliona mdundo wa ngoma hautoshi. Aliwaamuru vijana wakanyage ngazi za mbao kwa miguu yao, na maikrofoni akazifunga kwenye reli ya ngazi kwa vibanio ambavyo waendesha baiskeli hufungia suruali. Ukiusikiliza wimbo huo leo, unaisikia nyumba.

Namna alivyorekodi inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndiyo iliyozaa rundo lote lile la kanda. Mashine yake kuu iliweza kurekodi njia mbili tu za sauti. Ngoma, besi na gitaa ziliingia kwanza, na mwimbaji akafuata kwenye njia ya pili. Kisha Meek aliicheza kanda hiyo kuelekea mashine nyingine, huku ala zaidi zikipigwa papo hapo juu yake. Kanda mpya ikawa msingi wa hatua inayofuata. Kila hatua iliongeza mvumo kidogo, na kila hatua ilifunga mlango nyuma yake, kwani sauti zikishachanganywa hivyo hazikuwa na njia ya kutenganishwa. Mara nyingi pia aliiongeza kasi kanda, ili mwimbaji asikike kijana zaidi na wimbo uchangamke.

Kampuni za santuri zilipelekewa kanda ya mwisho peke yake. Zile za njiani zilibaki Holloway Road: gitaa likiwa bado peke yake, mwimbaji akiwa bado na sauti yake ya kweli, majaribio yaliyokatizwa, na Meek mwenyewe akiwapa wanamuziki maelekezo. Hakuna aliyezitaka. Anayerekodi kwa kompyuta anaijua tofauti hii vizuri. Wimbo uliokamilika ni faili moja, na folda yenye vipande vyake vyote ni kitu kingine kabisa, kikubwa zaidi, kinachojaza diski, na ndicho cha kwanza kufutwa nafasi inapokwisha.

Sauti isiyokaa kwenye ufunguo

Tarehe 10 Julai 1962 Marekani ilirusha satelaiti ya Telstar, na siku chache baadaye picha za televisheni zikavuka bahari ya Atlantiki moja kwa moja. Meek, aliyependa mno mambo ya anga, akapata tuni kichwani. Kwa kuwa hakuweza kuiandika wala kuipiga, aliichukua kanda ya wimbo mwingine usiohusiana na akaimba juu yake kwa sauti isiyokaa kwenye ufunguo wowote. Rekodi hiyo ipo hadi leo. Ukiisikia utawahurumia wanamuziki waliotakiwa kuokota wimbo humo ndani.

Waliuokota. Kundi la The Tornados likaupiga, Geoff Goddard akaongeza kinanda cha umeme kiitwacho Clavioline, na Meek akaumalizia kwa milio ya chombo cha anga. Santuri ya Telstar ilitoka Agosti. Oktoba ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na kukaa hapo wiki tano. Desemba iliongoza chati ya Marekani, mara ya kwanza kwa kundi la Uingereza, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya The Beatles. Mamilioni ya nakala ziliuzwa, zote zikitokana na kazi iliyofanywa juu ya duka la ngozi.

Fedha ya utunzi haikumfikia. Mtunzi wa Kifaransa, Jean Ledrut, alidai kwamba tuni hiyo ilichukuliwa kutoka kwenye muziki wake wa filamu ya Austerlitz ya mwaka 1960, na mirabaha ikazuiwa kesi ikiendelea. Hukumu ilikuja kumpa haki Meek wakati tayari yuko kaburini.

Miaka iliyobaki ilikuwa ya kuteremka. Mwaka 1963 alikamatwa katika choo cha umma na kutozwa faini. Mapenzi ya jinsia moja kati ya wanaume yalikuwa kosa la jinai England, na sheria hiyo ililegezwa Julai 1967, chini ya miezi sita baada ya kifo chake. Habari ilitoka gazetini, na baada ya hapo aliishi kwa hofu ya wenye kumtishia ili awape fedha. Alitumia vidonge vingi. Alianza kuamini kwamba makampuni yamemfichia maikrofoni nyuma ya karatasi za ukutani ili kuiba sauti zake. Wakati huohuo ladha ya vijana ilihamia kwa makundi yaliyojitungia nyimbo zao, na milio ya Meek ikaanza kusikika kama ya juzi.

Tarehe 3 Februari 1967 Bibi Shenton alipanda ngazi kuzungumza na mpangaji wake. Meek alimpiga risasi, kisha akajiua. Alikuwa na umri wa miaka 37. Masimulizi mengi humpitia mama huyu kwa haraka ili yarudi kwenye muziki. Alikuwa mfanyabiashara aliyevumilia studio juu ya kichwa chake kwa miaka sita, na hakuna santuri yoyote inayopunguza uzito wa aliyotendewa.

Pauni 300

Mali za marehemu ziliuzwa kwa ajili ya madeni yake. Kanda nazo zilikuwa mali, lakini za aina ya peke yake, kwa sababu kanda iliyorekodiwa inaweza kufutwa na kutumika tena kama mpya. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya zama zile. BBC yenyewe ilifuta vipindi vingi ili kuokoa kanda na nafasi, na baadhi yake inavitafuta hadi leo. Kanda za prodyuza aliyekwisha kushuka chati, tena aliyekufa kwa namna ile, zilikuwa na kila sababu ya kufutwa.

Aliyezinunua ni Cliff Cooper, mpiga besi wa The Millionaires, kundi lililowahi kurekodi kwa Meek. Alilipa pauni 300 kwa zote. Mwaka uliofuata Cooper alianzisha kampuni ya Orange, inayojulikana hadi leo kwa vikuza sauti vyake vya rangi ya chungwa. Kanda ziliingia katika masanduku 67 ya mbao nyepesi, yale yaliyokuwa yakipeleka majani ya chai London kutoka India, Ceylon na Afrika Mashariki, na ambayo Waingereza waliyatumia baadaye kuhamishia vyombo. Jina likashika: kanda za masanduku ya chai.

Cooper alizihifadhi, na kwa miongo mitano hilo ndilo lililoziokoa. Hapakuwa na mpango wala nakala ya akiba, na Meek hakuwa ameacha wosia. Lakini kumiliki kanda si kumiliki haki ya muziki uliomo, na swali la haki liliziacha zimekaa. Katikati ya miaka ya 1980 mmoja wa wapenzi wakubwa wa muziki wa Meek alizipitia na kuandika orodha. Ni kazi ya kuchosha, hasa pale ambapo mtu pekee aliyejua kila kanda ni ya siku gani, ya nani na kwa nini ilirekodiwa, hayupo tena. Mwaka 2008 zilipelekwa mnadani London, lakini ziliendelea kuwa za Cooper.

Diski si mvumilivu kama kanda

Hapa ndipo kisa cha Meek kinapomgusa yeyote mwenye studio chumbani. Kanda ya sumaku ni kitu chenye subira. Ikikatika huungwa. Ikisahaulika miaka ishirini, anayeikuta bado anaona kwa macho kwamba kuna kitu kimezungushwa pale, na mara nyingi kuna mwandiko juu ya boksi. Diski ngumu ikigoma hugoma na kila kilichomo, na kwa nje hainyeshi dalili yoyote ya kilichokuwa ndani. Flashi iliyotupwa kwenye droo miaka mingi bila kuchomekwa inaweza kupoteza ilichopewa. Bahati iliyomfikia Meek kupitia mtu mmoja mwenye nafasi ya kuweka masanduku haiwezi kuisubiri kompyuta iliyoibwa au kumwagikiwa na maji.

Mwaka 2005 mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliandika kanuni ambayo wahifadhi wengi wanaifuata hadi sasa: nakala tatu za kila kazi, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo iwe mahali pengine kabisa. Hilo la mahali pengine ndilo watu hulipuuza. Diski mbili zilizopangwa juu ya meza moja huibwa na mwizi mmoja na huungua kwa moto mmoja. Kampuni kubwa hazisalimiki pia. Juni 2008 moto katika eneo la Universal Studios huko Hollywood uliteketeza ghala lenye kanda asilia za muziki. Wala kuweka mtandaoni peke yake hakutoshi. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa na watumiaji wake tangu mwaka 2003 hadi 2015 ulipotea wakati wa kuhamisha data. Wengi waliouweka huko walidhani wameuhifadhi.

Kuna tatizo jingine ambalo Meek hakulijua. Kanda yake ya mwaka 1962 huchezwa na mashine yoyote ya aina ile, lakini mradi uliofanywa kwenye programu ya muziki unaitegemea programu hiyo, toleo lake, na viongezi vyote vya sauti vilivyotumika. Miaka kumi baadaye faili lipo na halifunguki. Dawa yake ni ya kizamani: kila ala na kila sauti itolewe peke yake kama faili la WAV, zote zikianzia sekunde ileile ya mwanzo, ziwekwe katika folda moja pamoja na karatasi inayosema wimbo ni upi, nani alipiga nini, tarehe na kasi ya mdundo. Programu yoyote ya kesho itazipanga. Na diski hiyo ichomekwe mara kwa mara na wimbo mmoja usikilizwe hadi mwisho, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala. Jina la faili nalo lina uzito wake. Folda yenye faili zinazoitwa mwisho, mwisho2 na mwisho kabisa inamtosha aliyezipa majina hayo, tena akiwa hai.

Roli moja baada ya nyingine

Mwaka 2020 kampuni ya Cherry Red ya Uingereza ilinunua masanduku yote kutoka kwa Cooper, na kazi ya kuzigeuza kanda kuwa za dijitali ikaanza. Ndani yake yametajwa majina ambayo wakati ule hayakuwa na maana kwa mtu yeyote: Tom Jones kabla ya umaarufu, David Bowie akiwa kijana katika kundi la The Konrads, Ritchie Blackmore aliyekuja kuwa gitaa la Deep Purple, Mitch Mitchell aliyekuja kupiga ngoma za Jimi Hendrix. Mikusanyiko ya nyimbo hizo imekuwa ikitolewa kwa awamu.

Kazi yenyewe haina njia ya mkato. Kanda ya nusu saa huchukua nusu saa kuhamishwa, baada ya kufunguliwa kwa mkono na kukaguliwa. Viungo ambavyo Meek alivibandika hupoteza gundi na kuachia katikati ya wimbo. Kanda za asetati za miaka ile hukauka zikawa rahisi kukatika, na zikianza kuharibika hutoa harufu ya siki. Na kanda ikishapona na kusikika vizuri, fundi bado ana uamuzi mmoja mbele yake. Meek alizoea kubadili kasi baada ya kurekodi, kwa hiyo kwenye kanda ya njiani mwimbaji husikika mzito na wa polepole kuliko kwenye santuri ambayo watu wameizoea kwa miaka sitini. Fundi huihamisha kwanza kama ilivyo, bila kugusa kasi, na faili hilo huwekwa kando. Kurekebisha hufanywa kwenye nakala.